Riwaya imekwama katikati: jinsi ya kutenga siku za kuimaliza

Swali hili huja kila mara, likibadilisha nguo tu: "Nilianza riwaya miaka mitatu iliyopita, ikafika katikati, ikalala. Nifanyeje niimalize?" Jibu la haraka ni kwamba utenge muda. Shida ni kwamba wengi waliokwisha kutenga muda hurudi na kilio kilekile: likizo imekwisha, riwaya iko palepale. Ukiwadadisi unagundua kwamba waliingia kwenye siku zao bila kujua wamebakiza nini.

Nami yalinikuta. Mara ya kwanza nilichukua siku kumi, nikajifungia ndani, nikaanza kusoma tangu ukurasa wa kwanza ili "nijikumbushe". Nikakuta sentensi mbovu, nikainyoosha. Ikayumbisha iliyofuata, nikainyoosha na hiyo. Siku ya saba nilikuwa bado sura ya tatu, na mlango wa nyumba ya mhusika wangu nilikuwa nimeupaka rangi tatu tofauti. Sura za mwisho sikuzigusa hata kidogo.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mswada wake umevuka nusu. Kama una wazo na sura mbili tu, endelea kuandika kidogokidogo kwanza. Kujifungia mapema hivyo kutakuchosha bure.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mswada wote mahali pamoja. Kama sura nyingine ziko kwenye simu, nyingine kwenye daftari na nyingine ulijitumia kwa barua pepe, zikusanye sasa. Usiiache kazi hii hadi siku ya kwanza, kwa sababu itaila yote.
- Nakala mbili nje ya kompyuta unayotumia: moja kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe yako.
- Kadi au vipande vya karatasi ngumu, kama 30 hivi.
- Daftari dogo la pembeni. Nitalieleza kwenye hatua ya 6.
- Saa ya kengele ambayo si simu. Ukitumia simu kupima dakika, utaigusa kuangalia dakika, na ukishaigusa umekwisha.
- Mwisho wa riwaya kwa sentensi moja. Si lazima uwe mwisho mzuri. "Anairudisha barua bila kuifungua" inatosha. Usiyejua kabisa hadithi inaishia wapi hutakosa muda, utakosa njia. Kaa na swali hilo kwanza hata kwa wiki nzima, ndipo uombe likizo.

Hatua ya 1: Hesabu matukio yaliyobaki

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usipite mbio.

Usijiulize zimebaki sura ngapi. Sura ni gunia. Unaweza kutia chochote. Hesabu matukio. Tukio ni watu fulani, mahali fulani, na jambo moja linalobadilika kabla hawajaachana. Kila tukio lililobaki liandikie kadi yake, mistari mitatu isizidi: nani anataka nini, nini kinamzuia, na mambo yanakuwaje mwishoni. Kadi yangu moja ilikuwa hivi:

"Binti anakwenda kwa mjomba kudai barua za mama yake. Mjomba anakana kwamba ziliwahi kuwepo. Binti anapoinuka kuaga anaona kona ya bahasha imechomoza chini ya godoro, ananyamaza."

Hiyo naweza kukaa nikaiandika. Linganisha na kadi niliyoitupa: "Binti anaanza kumshuku mjomba." Hapo hakuna mahali pa kusimama, hakuna anayesema neno, na ningekaa mbele yake asubuhi nzima nikikodoa macho. Ukikutana na kadi ya namna hiyo, ivunje mpaka utoke mtu akienda mahali kutafuta kitu.

Ukimaliza, zitandaze sakafuni kwa mpangilio. Sasa chukua matukio matano uliyokwisha kuandika, hesabu maneno yake, utafute wastani. Tuseme wastani wako ni maneno 1,300 na kadi ziko 14. Basi umebakiza kama maneno 18,200. Sasa unajua unachokwenda kukifanya.

Anayeandika kwa mkono ahesabu maneno ya mistari kumi, agawe kwa kumi, azidishe kwa idadi ya mistari ya ukurasa, kisha kwa idadi ya kurasa. Makadirio yanatosha.

Angalizo: usikope malengo ya waandishi wa Kiingereza. Wapo waliozoea NaNoWriMo, lile shindano la kuandika riwaya ya maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, yaani kama 1,667 kwa siku, wakajipima nalo wakajiona wavivu. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja. "Hatukumwambia" ni neno moja kwetu. Kiingereza kinatumia matano. Kipimo chako ni wastani wako mwenyewe.

Hatua ya 2: Chagua namna ya muda

Namna ziko mbili, na zote zinafanya kazi.

Ya kwanza ni siku mfululizo. Mfano unaotajwa sana ni wa Kazuo Ishiguro, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, ambaye mwaka 1987 alifuta kila kitu kwenye kalenda yake kwa wiki nne. Akaandika kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nne na nusu usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, akipumzika kwa muda wa saa moja mchana na wa saa mbili jioni. Barua hakufungua, simu hakupokea. Wanaosimulia kisa hiki huwa wanaruka mambo mawili. Utafiti wake alikuwa ameshaufanya kabla ya kujifungia, na mkewe alikubali kubeba zamu yake ya kupika na kufanya usafi. Tena alichotoka nacho kilikuwa rasimu iliyohitaji kusafishwa.

Ya pili ni saa ileile kila siku. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa posta. Alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka saa mbele yake, akajidai maneno 250 kila robo saa, halafu akaenda kazini. Nusu saa ya kwanza alisoma alichoandika jana yake. Ya jana tu.

Ukipata likizo na nyumbani wakakuelewa, chukua namna ya kwanza. Ukiwa na mtoto mchanga, mgonjwa wa kuuguza au kazi isiyotoa ruhusa, chukua ya pili na usijidharau. Kwa mfano wetu wa maneno 18,200, mtu wa maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, atafika ndani ya wiki nane. Ajiandikie kumi, kwa sababu wiki mbili lazima zipotee mahali.

Mimi naona siku kumi mfululizo zinamtosha mtu aliyebakiza theluthi. Zikizidi hapo bila mazoezi, mgongo na akili vinaanza kudai. Hatua zinazofuata nazieleza kwa siku kumi. Wa saa ileile kila siku atapunguza mwenyewe.

Hatua ya 3: Taja tarehe, kisha iseme kwa watu

"Mwezi ujao nikipata nafasi" si tarehe. Andika siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Kisha ongea na wanaokutegemea, na uwaambie saa hasa. Ukisema "naomba mnipe utulivu", kila mtu ataitafsiri kivyake, na mtu atakuja kuuliza funguo ziko wapi huku ananong'ona, akidhani kunong'ona ndiko utulivu. Sema: "Kuanzia saa mbili hadi saa saba mchana siitiki. Baada ya hapo niko." Na kweli, baada ya hapo uwepo. Ukijificha hadi usiku siku ya pili, siku ya tatu hawatakuvumilia, na watakuwa na haki.

Lipa bili na madeni ya kazini kabla. Mambo madogo ambayo hukuyamaliza ndiyo yatakayokuinua kitini.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, soma tu

Soma mswada wote kwa siku moja, ukiwa umeuchapisha au kwenye skrini usiyoweza kuandikia. Simu hapa inafaa, ilimradi mtandao umezimwa. Kalamu na daftari viwe mkononi, lakini usirekebishe sentensi hata moja. Andika mambo ya aina tatu pekee: ahadi ulizompa msomaji na hujazitimiza (bastola iliyofichwa, mgeni aliyesema atarudi), mambo yanayogongana (mama alikufa sura ya 2, anapiga simu sura ya 9), na majina. Majina ya wahusika, ya mitaa, umri. Utashangaa ni mara ngapi umembatiza mtu upya.

Jioni rudi kwenye kadi zako. Ahadi isiyo na kadi iongezewe kadi, au iandike kwenye daftari kwamba itafutwa kule mwanzo. Kisha funga zile sura za zamani. Nasema ufunge kweli: zihamishe kwenye jalada jingine, ufungue jalada jipya tupu lenye kichwa "Sehemu ya mwisho". Ukiziacha kwenye jalada moja utapanda juu "kuangalia kitu kimoja tu", na utajikuta unapaka rangi mlango.

Hatua ya 5: Gawa siku kwa ngwe

Mkulima hatazami shamba lote, anapimiwa ngwe yake. Fanya hivyohivyo. Siku ya kwanza imekwenda kwenye kusoma; ya kumi iweke akiba. Zimebaki nane. Maneno 18,200 kwa siku nane ni 2,275 kwa siku. Ngwe nne kwa siku, kila moja ya dakika 45, ni kama maneno 570 kwa ngwe. Hilo linawezekana kwa mtu mwenye kadi mkononi, na kwa asiye nayo ni mateso.

Kati ya ngwe na ngwe pumzika dakika 15, ukiwa umesimama. Nyoosha mgongo, kunywa maji, osha vyombo. Usifungue simu: ujumbe mmoja wa mtu mwenye hasira utaishi kichwani mwako ngwe nzima inayofuata.

Makosa ninayoyaona sana ni kupanga ngwe nane siku ya kwanza ya kuandika. Zitatimia. Kesho yake zitakuwa mbili.

Hatua ya 6: Andika bila kurudi nyuma

Weka kadi moja mbele yako, nyingine zigeuze. Anza katikati ya jambo: mtu ameshagonga mlango, ameshakataliwa. Habari za jua kuchomoza utaziweka baadaye kama bado utazihitaji.

Ukikwama kwenye jambo la kutafuta, tia alama ambayo haitumiki kwingine kokote, uendelee. Mimi hutumia ##. Sentensi yangu huwa hivi: "Alishuka kwenye ##aina ya meli akiwa amebeba sanduku la ##mbao gani, na harufu yake ikamkumbusha babu." Ukimaliza riwaya utatafuta alama hiyo, ikupeleke kila penye pengo. Ukiingia kwenye intaneti kutafuta aina ya meli, utatoka saa nzima baadaye ukiwa unajua kila kitu kuhusu nanga.

Ukigundua kwamba jambo la nyuma linapaswa kubadilika, usilibadilishe. Liandike kwenye lile daftari dogo. Mimi naliita daftari la madeni. "Sura ya 4: mjomba awe ameshavunjika mguu." Kisha andika tukio la leo kana kwamba mguu ulivunjika tangu hapo. Mswada utakuwa na kovu katikati kwa muda, na hakuna anayeuona isipokuwa wewe.

Hatua ya 7: Acha kiporo

Kengele ya ngwe ya mwisho ikilia, simama hata kama maneno yanamiminika. Hasa yakiwa yanamiminika. Acha sentensi nusu, au andika mistari miwili ya kinachofuata: "Anaivuta bahasha. Mjomba anakohoa mlangoni." Kesho asubuhi hutaanza na ukurasa mweupe, utapasha kiporo. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alikuwa na desturi hiyo: alisimama akiwa bado anajua kitakachofuata.

Asubuhi soma kurasa za jana tu, robo saa, kisha pasha kiporo chako.

Hatua ya 8: Siku ya tano, hesabu upya

Jioni ya siku ya tano utakuwa umeandika siku nne. Kwa mfano wetu ungekuwa na maneno 9,100. Tuseme unayo 6,000. Umebakiza 12,200. Ukijidai kumaliza kwa siku nne ni 3,050 kwa siku, na hutafika. Ukiingiza ile siku ya akiba zinakuwa siku tano, maneno 2,440 kwa siku. Hilo linabebeka. Ndiyo sababu tuliweka akiba, na ndiyo sababu huruhusiwi kuitumia kwa harusi ya mtu siku ya tatu.

Kama bado haitoshi, tazama kadi. Mara nyingi mbili zinafanya kazi moja: binti anakataliwa na mjomba, kisha anakataliwa na shangazi. Ziunganishe. Kwa kawaida hadithi inapata nguvu zaidi.

Hatua ya 9: Tukio la mwisho lisisubiri uchovu

Wengi huandika kilele siku ya mwisho, usiku, macho mekundu, na kinasomeka hivyohivyo: kurasa 20 za kupanda mlima, nusu ukurasa wa kileleni. Andika tukio la mwisho siku ya saba au ya nane, kwenye ngwe ya kwanza ya asubuhi, hata kama kadi tatu kabla yake bado ni tupu. Ukishajua hasa unafika wapi, zile tatu zitaandikika haraka, maana unaziunganisha na kitu kilichopo.

Yakienda kombo

*Ninachoandika ni takataka.* Inawezekana. Rasimu ya kwanza ya mwisho wa riwaya huwa nyembamba kuliko mwanzo, kwa sababu mwanzo umeshaupitia mara ishirini. Usiilinganishe sura ya kwanza iliyooga na sura ya mwisho iliyotoka shambani.

*Mhusika amegoma, sijui afanye nini.* Soma kadi. Karibu kila mara utakuta hatafuti chochote kwenye tukio hilo. Mpe kitu cha kutafuta, hata kama ni viatu vyake. Ikishindikana, chukua kadi nyingine. Hulazimiki kufuata mpangilio.

*Nimepata wazo la riwaya nyingine, tamu kuliko hii.* Huja siku ya nne au ya sita, kwa kila mtu. Lipe ukurasa mmoja kwenye daftari la madeni, dakika kumi. Halafu rudi. Wazo jipya ni tamu kwa sababu halijakudai kitu bado.

*Nimepotewa na siku mbili, kuna msiba au ugonjwa.* Nenda msibani. Ukirudi usijaribu kulipa siku mbili kwa siku moja. Hesabu upya kama hatua ya 8, na sogeza tarehe ya mwisho mara moja, uiandike. Kusogeza mara ya pili ni dalili kwamba unahitaji namna ya pili, ile ya saa ileile kila siku.

*Mwisho nilioupanga haukubali tena.* Ukigundua kabla ya siku ya tano, tumia ngwe moja kupanga upya kadi zilizobaki. Ukigundua siku ya nane, andika mwisho wa zamani hadi nukta yake. Mwisho mbaya unaweza kuutengeneza. Ambao haupo utautengenezaje?

*Kompyuta imezima na kazi ya leo imepotea.* Kama ulituma nakala kila baada ya ngwe ya mwisho, umepoteza ngwe tatu au nne. Ziandike upya siku hiyohiyo, kwa mkono ikibidi, maneno yakiwa bado yako kichwani. Kama hukutuma, weka kengele ya pili yenye kazi hiyo pekee.

*Nimemaliza. Naanza kurekebisha leo?* Hapana. Unganisha majalada mawili, tuma nakala, andika tarehe chini ya neno la mwisho, uweke mswada na daftari la madeni mahali usipopaona. Mimi huacha wiki sita. Atakayeuliza asome lini, mwambie bado, na usimpe hata sura moja. Wiki ya saba fungua daftari la madeni kwanza, kabla ya mswada, na uanze na deni refu kuliko yote.